Kando ya Esta

Mwalimu alikuwa na mkono mzito. Naanza na mkono kwa sababu ndio tulioufahamu mapema kuliko mambo yake mengine. Habari za alikozaliwa na ukoo wake nawaachia wanaozijua. Jumamosi ya kwanza ya darasa lake la kompyuta aliipiga meza kwa kiganja hadi kompyuta mbili zikazimika na chai ya mchungaji ikamwagikia Biblia ya mchungaji. Kanisa letu la Highview lilikuwa duka la kupanga, limebanwa kati ya mahali pa kufulia nguo na saluni ya kucha, na kuta zake zilikuwa nyembamba. Dada wa saluni alikuja mbio kuuliza nani ameanguka.

"Hakuna mutu ameanguka," Mwalimu alimjibu, kisha akakumbuka kuwa yule dada hajui Kiswahili, akamfungia mlango.

Tulikuwa vijana wachache, watoto wa milima ya Kivu ya Kusini tuliokulia kambini na kuletwa Louisville na wazazi wetu. Mwalimu alikuwa amefundisha hesabu huko nyuma, milimani na kambini. Hapa Amerika alikata nguruwe. Siku tano za wiki alisimama kwenye mkanda wa kiwanda cha nyama, akitenganisha bega na mbavu kwa kisu kilichonolewa kila saa, na Jumamosi alikuja kutufundisha akiwa bado ananuka dawa ya kuoshea damu. Nyama yenyewe hakuila kamwe. Mama yangu akimkaribisha alikula ugali na sombe ya majani ya muhogo, akisukumia kipande cha nyama pembeni ya sahani kwa kidole.

Kidole hicho nacho kina habari yake. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda kuelekea nje, na alipochapa maandishi kilibonyeza herufi mbili kwa pamoja. Alikivunja yeye mwenyewe. Alfajiri kambi yetu iliposhambuliwa, yeye hakuwepo. Alikuwa amekwenda mjini kupeleka mitihani ya watoto. Aliposikia, alirudi kwa miguu, akakuta wanajeshi wamefunga barabara. Aliwaomba, akawatukana, mwishowe akalipiga gari lao ngumi mpaka mfupa ukakatika, na wao wakampiga kitako cha bunduki mdomoni. Alipofanikiwa kupita, udongo ulikuwa umekwisha rudishwa juu ya mkewe Rusi na binti yake Esta, aliyekuwa na umri wangu. Hakuwaona. Hilo ndilo jambo moja unalopaswa kulijua kuhusu Mwalimu, na mengine yote yametoka humo.

Darasani alitufundisha namna ya kutafuta kitu ndani ya maandishi marefu. Sisemi kutafuta neno moja. Hilo hata bibi yangu angeliweza. Alitufundisha kuieleza kompyuta umbo la kitu unachokitaka: kwa mfano, neno linaloanza kwa herufi kubwa, kisha namba, kisha neno jingine. Kompyuta inayapitia maandishi, na kila inapolikuta umbo hilo inakuambia limeanzia herufi ya ngapi na limeishia ya ngapi. Wenye kazi yao huliita ruwaza. Mwalimu aliliita mtego, kwa sababu utotoni alitega fuko shambani kwa mama yake.

Ole wako umwambie, "Mwalimu, imepatikana!" ukanyamaza hapo.

"Imepatikana wapi?" alinguruma. "Bon. Kuku iko mu Louisville. Utakula leo? Kuku iko wapi?"

Tulicheka, naye alipiga meza, tukaacha kucheka. "Wapi" lilikuwa neno lake. Tulilifanya jina lake la siri, Papa Wapi, kwani kwetu papa ni baba, na tulipomwona akishuka kwenye gari tulinong'onezana, Papa Wapi huyo. Nadhani alijua.

Siku moja alimzaba kofi Joeli, aliyekuwa akicheza mchezo kwenye simu wakati wa somo. Lilikuwa kofi la kikwetu, la kutoka begani, na Joeli alianguka na kiti chake, pua ikatoka damu kwenye zulia la kanisa. Wazazi waligawanyika. Nusu walisema Mwalimu amefanya vizuri, watoto wa Amerika wameharibika; nusu walisema atatuletea polisi. Mama yangu alikuwa kwenye nusu zote mbili. Jumamosi iliyofuata Mwalimu alimletea Joeli kompyuta yake mwenyewe, ile aliyoinunua kwa jasho la nguruwe, akamwekea mapajani bila kusema pole. Joeli anayo hadi leo. Hivyo ndivyo alivyokuwa: anakupasua, kisha anakupa kitu ambacho hukustahili, na hujui umpende au umkimbie. Mimi nilimpenda, na nilikaa viti vya nyuma.

Somo moja sikulisahau. Alitusimamisha katika mstari, tumeshikana mikono, mimi wa pili na Joeli wa tatu. Akasema mtego wake unatafuta "mtu aliyeshikana na mtu." Akaja mwanzo wa mstari, akatukamata wa kwanza na mimi, akatusukuma ukutani. Kisha akawakamata Joeli na wa nne, akawasukuma. Kisha wa tano na wa sita.

"Mtego imemaliza," akasema. "Imeona bantu bote. Lakini kuna kitu haikuona. Kitu gani?"

Akaja akaniinua mkono wa kushoto, uliokuwa mikononi mwa Joeli dakika moja iliyopita.

"Huyu na huyu balikuwa banashikana. Mtego haikuona, juu ya nini? Juu mtego ikishakamata, hairudi nyuma. Inaanza kutafuta pale iliishia. Donc, mutu wa pili anakuwa amekwisha kuliwa, hawezi tena kuwa mwanzo wa mwengine. Musisahau bale benye balishikana mikono."

Alisema hayo yeye, kwa mdomo wake ule wenye meno mawili ya bandia.

Sasa nieleze desturi yetu. Waliouawa alfajiri ile walizikwa pamoja, hakuna kaburi la huyu wala la yule. Kwa hiyo tunapowakumbuka, hatumtaji marehemu peke yake. Walionusurika na walioingia kuwakusanya huwataja kama walivyolala, kuanzia mlangoni mwa hema hadi ndani: fulani kando ya fulani kando ya fulani, bila kukata, mpaka pumzi iishe. Kumtaja mtu peke yake, kwetu, ni kama kumwacha nje. Mashemeji wamewahi kurushiana ngumi, Buffalo, kwa sababu mmoja alitaja jina la dada yake akameza mate kabla ya kumtaja aliyekuwa kando yake.

Wazee walipoanza kufa huku ugenini, vijana wa Louisville, Columbus na Buffalo waliwarekodi kwa simu wakitaja, saa na saa za sauti, kisha wakayachapa yote yakawa maandishi mamoja marefu sana. Kila mchapaji aliandika majina alivyoyasikia. Esta aliandikwa Esta, Esteri, Hesta. Na akina Esta walikuwa wengi, kwa sababu sisi ni watu wa Biblia. Ndipo Mwalimu akatega mtego wake: jina lolote, kisha "kando ya," kisha jina lolote. Kompyuta ikamtolea jozi, na namba za mahali kila jozi inapoanzia na inapoishia. Alizisoma jozi zote kwa jicho lake mwenyewe.

Maandishi yenyewe hakuyasoma. Nilimwuliza kwa nini, akasema hana wakati. Uongo. Mule ndani, katikati ya majina, wazee walikuwa wakisimulia panga lilipita wapi, nani alichomwa akiwa hai, mtoto gani aliuawa akiwa bado ananyonya. Mwalimu alitaka kumpata binti yake bila kupita humo. Nilimwelewa, na bado namwelewa.

Alimpata. "Rusi kando ya Esta." Na baada ya hapo hapakuwa na jozi yoyote inayoanza na Esta huyo. Mwalimu alikuja darasani siku hiyo na soda kwa kila mtu, akatuambia kwa utulivu kwamba Esta alilala mwisho wa safu, kando ya mama yake, na upande wa pili hakuna mtu. Alikufa mikononi mwa mama yake. Hakupata muda wa kuita. Mwalimu aliishi kwa habari hiyo karibu mwaka mzima, na mkono wake ulitulia mno. Hata meza ya kanisa ilipumzika.

Kisha ukaja ukumbusho wa Columbus. Tulikodi ukumbi, watu walikuja kwa magari kutoka miji yote mitatu, wanawake kwa vitambaa vyeupe. Shemasi wa kanisa la Columbus, jina lake Amosi, mtu mpole aliyeongoza kwaya kwa sauti nzito ya kupendeza, aliomba kipaza sauti. Alikuwa amelazwa miongoni mwa maiti alfajiri ile na kuamka, hilo tulilijua. Hakuwahi kulisimulia.

"Leo nitasema," alisema. "Ule mutoto wa Mwalimu, Esta. Alikuwa juu yangu. Hakukufa mara moja. Alikuwa anauliza, papa iko wapi. Alikuwa anaulizaka ivyo tu, papa iko wapi, papa iko wapi."

Mwalimu alisimama. Sote tulimwona akisimama, na hakuna aliyesogea.

"Wewe ulikuwa kando ya Yeremia!" alipiga kelele. "Iko ndani ya maandishi! Amosi kando ya Yeremia! Kando ya mutoto yangu hakuna mutu! Unakula maiti ya mutoto yangu juu bakupigie makofi?"

"Mwalimu," Shemasi alisema, "mie nilikuwa pale."

Mwalimu alikamata kiti cha chuma, kile cha kukunja, akapanda jukwaani. Pigo la kwanza lilimpata Shemasi begani. La pili lilimpata taya, na nilisikia mfupa. Alipoanguka Mwalimu aliendelea kumpiga, kiti kikijifunga na kujifungua mikononi mwake, na damu iliruka ikawapata wanakwaya wa mstari wa mbele. Mkewe Shemasi alimlalia mumewe na yeye akavunjwa mkono. Iliwachukua wanaume wanne kumwangusha Mwalimu, na chini ya wanaume wanne bado alikuwa akiuma. Watoto walikuwa wamejipanga pembeni wakisubiri zamu yao ya kuimba. Mdogo wangu wa mwisho hakulala kitandani kwake mwezi mzima.

Polisi walimchukua, naye alifungwa. Lakini sikilizeni jambo ambalo mpaka leo sijalisamehe. Watu walimwamini. Walisema, kweli amekosea kupiga, ila mashine haina sababu ya kusema uongo. Walimwondolea Amosi ushemasi. Waliendelea kumwita Shemasi kwa kejeli, na akipita dukani walimtania, Shemasi, leo umelala kando ya nani? Taya liliungwa kwa vyuma, likapona limekaa upande. Hakuimba tena.

Mwalimu alipotoka gerezani hakurudi Louisville. Alikwenda Buffalo kwa mpwa wake, na tukawa hatumtaji.

Miaka ilipita. Mimi nilipata kazi ya kompyuta, kwa elimu yake, katika ofisi ya kampuni ya kusafirisha mizigo. Mchana mmoja nilikuwa nakula wali wa jana mbele ya kompyuta, natafuta kwa nini orodha ya vituo vya magari inaruka vituo. Kila safari ya pili ilikuwa haionekani: kituo hiki kwenda kile ipo, kile kwenda kingine haipo. Nilipoona sababu, nilihisi mkono wangu wa kushoto umeshikwa. Nilihisi kabisa, kiganja cha Joeli chenye jasho. Kijiko kikaanguka.

Maandishi ya ukumbusho tulikuwa nayo sote. Niliyafungua pale pale, nikatega mtego uleule wa Mwalimu, nikaacha kuangalia majina, nikaangalia namba. Jozi ya Rusi na Esta iliishia mahali fulani. Jozi ya Amosi na Yeremia ilianzia herufi kumi tu mbele yake. Kumi. Hesabu mwenyewe: nafasi, neno "kando," nafasi, neno "ya," nafasi. Mtu aliyetupigia meza akidai wapi, wapi, alisoma majina na hakuzitazama namba. Nililia kwa hasira, nikamtukana kwa sauti, na wenzangu wa ofisini wakadhani nimefiwa.

Njia ya Buffalo hupita Columbus. Nilipita bila kusimama.

Alikuwa akiishi West Side, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao iliyopauka rangi, theluji imefika kwenye ngazi. Alikuwa amekonda. Mpwa wake alinionya mlangoni kuwa wiki iliyopita amevunja kioo cha bafuni kwa sababu maji yalikuwa baridi.

"Binti," Mwalimu alisema, "umenenepa. Kazi iko inalipa."

"Papa Mwalimu, nimekuja kwa ajili ya Esta."

Uso wake ulikunjamana. Nilisema haraka, kabla hajasimama. Nilimkumbusha mstari wetu, yeye akitusukuma ukutani wawili wawili. Nilimwambia Esta alikuwa amekwisha kukamatwa pamoja na mama yake, kwa hiyo mtego haukuweza kuanza naye tena. Alipiga meza, sahani ya sombe ikaruka ikapasukia sakafuni, mke wa mpwa akawabeba watoto akakimbilia chumbani.

"Muongo! Shemasi amekutuma!"

"Hajanituma mtu."

"Muongo!" Alikuwa amenyanyua mkono. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto, na niliinama kama siku zile. Lakini mkono ulibaki hewani, na kutoka kifuani mwake likatoka lile neno, dogo kabisa.

"Wapi?"

Nilimgeuzia kompyuta. Akaweka kidole kile kilichopinda kwenye kioo na kwa mara ya kwanza akasoma maandishi yenyewe, sauti ya mama mmoja mzee tuliyemzika Louisville: Samweli kando ya Debora kando ya Rusi kando ya Esta kando ya Amosi kando ya Yeremia. Na mbele kidogo: huyu Amosi tulimuhesabia mu bale benye balikufa, mutoto alikuwa juu yake, tukaondoa mutoto, njo tukaona anapumua.

Alisoma mpaka mwisho wa hema. Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akaupigiza mkono wake wa kulia kwenye fremu ya mlango. Akapigiza tena. Alipigiza kimya kimya kama mtu apasuaye kuni, mpaka ngozi ya vifundo ikafunguka na mpwa wake akamkumbatia kwa nyuma wakaanguka wote.

"Unipeleke," aliniambia akiwa chini.

Asubuhi tuliondoka, mkono wake umefungwa kwa taulo. Njiani hadi Columbus nilimwambia yote: ushemasi, kejeli za dukani, kwaya. Alikuwa na haki ya kuyasikia, na sikuona sababu ya kumhurumia katika hilo.

Shemasi alifungua mlango mwenyewe. Taya lake lilikuwa limekwenda kushoto, na alipomwona mgeni wake alirudi nyuma hatua moja, mikono ikajikinga uso. Hiyo ndiyo hatua iliyomwangusha Mwalimu. Alipiga magoti pale kwenye korido ya majirani.

"Ulikuwa kando yake," alisema. "Mie njo muongo. Nitasema mbele ya kanisa zote tatu. Sasa unipige."

"Simama, Mwalimu."

"Unipige!"

Shemasi akampiga. Mimi nilitegemea ataguswa na huruma, kumbe alimpiga ngumi ya mdomoni, ya miaka yote ile, na jino la bandia likaruka likagonga ukuta. Mkewe alipiga kelele kutoka jikoni. Shemasi alisimama akihema, akiutazama mkono wake kama wa mtu mwingine, kisha akamshika Mwalimu chini ya makwapa akamwinua.

"Ingia," alisema, maneno yakitoka kwa shida kwenye taya lile. "Baridi inaingia mu nyumba."

Alimkalisha kwenye kochi, akakaa kando yake. Damu ya mdomo ilidondokea shati la Mwalimu, hakuna aliyeifuta. Walikaa hivyo, wazee wawili, magoti yakigusana.

"Wapi?" Mwalimu akauliza.

Shemasi alijua anaulizwa nini. Alipandisha sweta na fulana, akauchukua ule mkono mzito, uliovimba ndani ya taulo, akaulaza upande wa kushoto, chini kidogo ya titi.

"Kichwa yake ilikuwa apa," alisema. "Alikuwa anauliza papa iko wapi. Mie nikamwambia, papa anakuya."

Mwalimu aliinama mpaka sikio lake likafika pale mkono ulipokuwa.

"Nimekuya," akasema.